Zamu ya Kuwa Bibiana

Nyumba ya Bibi Oliva pale Katindiuka, Ifakara, haijawahi kujua mlango uliofungwa mchana. Ukipita asubuhi utakuta foleni ya vitumbua. Ukipita saa sita utakuta mtu alikuja kuazima mchi, akaambiwa akae kidogo, na hiyo kidogo yenyewe imeshafika kwenye harusi ya mtu wa tatu. Ukipita alasiri, basi tena: watoto wa mtaa mzima wametoka shule, wametupa mabegi barazani, na uwanja ni wao. Si kwamba ni mkubwa. Kwa mzee Dionisi, jirani wa ua kwa ua, kuna uwanja mara mbili ya ule, tena umefagiwa. Lakini mzee Dionisi anapenda utulivu, na mtoto ana pua ya kumnusa mtu anayependa utulivu.

"Nyumba isiyo na kelele ni stoo," Bibi Oliva hupenda kusema, na hapo anakuwa ameshika mwiko mkono huu na kikombe cha mtu mkono ule.

Mwezi wa pili mwaka huu, nyumba ya ng'ambo ya barabara ilipata mpangaji. Bibi Oliva aliona kwa macho yake bajaji ikishusha masanduku mawili, cherehani, na mwanamke mrefu mwenye miwani. Akampa siku moja ya kupumzika, maana adabu ni adabu. Siku ya pili akafunika vitumbua kumi kwenye bakuli, akaenda kupiga hodi, nusu ukarimu, nusu upelelezi.

"Karibu, mama," mpangaji akasema. Halafu akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. "Wewe si Oliva wa mzee Beno?"

Nusura bakuli lianguke. "Bibiana! Bibiana wa mzee Valentino!"

Walishikana pale mlangoni wakalia kwa sauti, mpaka mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka, akavua kofia, akauliza kwa upole msiba ni wa nani.

Miaka arobaini na nane walikuwa hawajaonana. Siku zile walikuwa watatu, Oliva, Bibiana na Eliza, ukimwona mmoja wawili wako nyuma ya mgomba. Eliza aliolewa Malinyi na Octavian, mvuvi, akafia hukohuko mwaka juzi. Bibiana alipelekwa kwa shangazi yake Mahenge akiwa darasa la sita, akasoma, akawa nesi, akahudumu Songea mpaka kustaafu. Oliva hakwenda popote. Alibaki Ifakara kama jiwe la kunolea visu, kila mtu anapita kwake.

Jioni ile ile ya kwanza, wakiwa na chai, Bibiana alisema jambo ambalo Oliva hakulitaka.

"Watu waliponiuliza unarudi Ifakara kwa nani, sikuwa na jibu. Wazazi hawapo, ndugu wametawanyika. Nikajiambia, shule nzima ilinicheka, lakini kuna mmoja hakunicheka. Labda bado yupo." Akamgusa goti. "Na upo."

Oliva akanywa chai ya moto kama maji. Ulimi ulimuuma siku mbili.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila jioni Bibiana anavuka barabara, anakaa kwenye kigoda barazani, na habari zinaanza. Mtaa ukamzoea haraka, wakamwita Nesi. Watoto wakamwita Bibi Nesi, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza jina lake la ubatizo. Oliva alikuwa na wageni wa kila namna nyumbani mwake, wapangaji, wakwe, watu wa jumuiya, watu asiowajua walikotoka. Lakini hakuwa na hata mmoja aliyemkumbuka akiwa na meno ya utoto. Sasa alikuwa naye. Alijikuta anacheka peke yake akisaga mchele.

Sasa, mtu yeyote aliyelea watoto bonde hili anajua kwamba michezo yao ina msimu kama mpunga. Hakuna anayetangaza. Leo uwanja mzima ni rede, mipira ya soksi inaruka mpaka inaingia kwenye sufuria za watu. Kesho asubuhi rede imekufa, ukiuliza wanakutazama kama umeuliza habari za mababu, na wote wamechuchumaa kwenye vishimo vya mdako. Bibiana alihamia msimu wa rede. Rede ikaisha, ukaja mdako, mdako nao ukapita. Ikafika mwisho wa mwezi wa nne, mpunga mabondeni ukaanza kutia maziwa, na kila familia yenye shamba ikaanza kupeleka watoto kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu yake Oliva alikuwa jikoni anapepeta mchele. Kutoka uwanjani ikaja sauti ya mjukuu wake Violeth, nyembamba kama filimbi, na wenzake wakaidaka:

*Bibiana, Bibiana,*
*ndege wako wanakuja!*
*Wamekula cha babako,*
*wamekula cha mamako,*
*Bibiana umelala!*

Ungo ulisimama hewani. Mchele ukamwagika na pumba zake.

Si kwamba hakuwahi kuusikia. Wimbo huo unaimbwa Ifakara kila mwaka mpunga unapotia maziwa, na alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mbu. Mwaka huu tu ndio aliusikia kwa masikio. Yeye ndiye aliyeutunga.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule, mama yake Bibiana alijifungua akaugua, na Bibiana, mtoto wa miaka kumi na miwili, akawa ndiye mama wa kichanga. Usiku anabembeleza, alfajiri yuko juu ya dungu la miti shambani, na debe lake la kupiga na kombeo lake. Siku moja akalala. Kwelea-kwelea hawana habari na uchovu wa mtu. Walishuka kama wingu, na alipoamka mpunga wa mzee Valentino ulikuwa umebaki makapi. Watu wengine walisikia nusu ya habari hiyo, kwamba msichana alilala. Oliva aliijua yote, mpaka kwamba Bibiana alikuwa amekibeba kile kichanga. Lakini maneno yalimjia matamu mdomoni, yana mdundo wake, na mtoto mwenye neno tamu mdomoni ni kama mtoto mwenye pipi: atalionyesha. Alimwimbia Eliza wakiwa wanarudi kutoka kisimani. Eliza akacheka, akauimba siku ya pili kwenye kamba. Wiki haikuisha, shule nzima ikawa na mchezo mpya: anayekosea kuruka anakalishwa katikati, anakuwa Bibiana, wenzake wanamdonoa kichwani kwa vidole.

Bibiana alipofika uwanjani, Eliza ndiye aliyekuwa ameshika kamba, ana sauti kubwa kuliko wote. Oliva alikuwa kwenye foleni ya kuruka. Alifumba mdomo. Bibiana aliwaona wote wawili, mmoja anaimba, mwingine kanyamaza, akageuka akaenda zake. Hakurudi shule tena. Baada ya mavuno yale mabovu ndipo alipopelekwa Mahenge.

Eliza alimwambia Oliva mara moja tu: "Utamwambia mwenyewe." Hakurudia tena mpaka anakufa.

Kwa hiyo Bibi Oliva alitoka jikoni na ungo wake.

"Nyie! Huo wimbo sitaki kuusikia hapa."

"Kwa nini, bibi?" Violeth akauliza.

"Kwa sababu nimesema."

Watoto wakatazamana. Wakahama hatua kumi, wakasimama kwenye ua wa mzee Dionisi, wakauimba kwa nguvu zaidi, na mzee Dionisi akatoka na fulana ya ndani kuuliza dunia imeharibikia wapi.

Siku ya pili Oliva akaja na hekima. Atakayeimba wimbo mwingine wowote anapata kitumbua. Loo! Waliimba. Waliimba nyimbo za shule, za kanisani, za matangazo ya redio, wamesimama mstari mikono nyuma, hakuna anayecheza, macho yote kwenye bakuli. Kwaya ya njaa. Siku ya tatu wakaja mpaka watoto wa mitaa miwili mbele, ambao Oliva hakuwajua hata kwa sura, na unga wa asubuhi ukaliwa alasiri.

Akajaribu njia ya tatu. "Basi chezeni huo huo, lakini badala ya Bibiana, semeni Apolonia."

Walijaribu, kwa heshima. Wakaanguka nao njiani. Jenifer, msichana wa darasa la sita aliyehamia kutoka Mngeta, mwenye miguu mirefu na maoni juu ya kila kitu, ndiye aliyetoa hukumu. "Apolonia haikimbii, bibi. Inajikwaa."

Wakati huo wote ilibidi Bibiana asivuke barabara. Kila alasiri Oliva alikuwa wa kwanza kwenda kwake. "Leo nimekuja mimi, pumzisha miguu." Kesho tena. Keshokutwa tena. Nyumba yake imejaa watu wanajipikia chai wenyewe, naye yuko ng'ambo anaongea kwa sauti ya juu kidogo ili asikike yeye tu.

"Oliva," Bibiana akasema siku ya nne, "kwako kuna nini siku hizi? Au nimezidisha kuja?"

"Hata! Ni kelele za watoto tu."

"Mimi nimekaa wodi ya watoto miaka kumi na tisa."

Oliva akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai yake haijaisha.

Ijumaa, kabla hajavuka, Bibiana akavuka. Alikuja na kipimo chake cha presha ndani ya mkoba mweusi, akamkuta Oliva barazani anafunga viatu.

"Kaa. Unahema siku hizi kama umepanda mlima. Lete mkono."

Oliva akakaa. Angefanya nini? Bibiana akamfunga kile kitambaa mkononi, akaanza kubonyeza. Na uwanjani, kana kwamba walikuwa wanasubiri watazamaji, watoto wakaanza. Si ule wimbo. Ulikuwa mpya kabisa, haujamaliza hata siku mbili tangu uzaliwe:

*Bibi Oliva, Bibi Oliva,*
*kitumbua kimoja,*
*cha kufunga mdomo,*
*mdomo haufungiki!*

Bibiana alicheka mpaka akaacha kubonyeza. "Mungu wangu! Wewe huyo? Umewafanya nini hawa?"

"Watoto wehu. Wapuuze."

Lakini Violeth alikuwa ameshafika. "Shikamoo, Bibi Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Bibi yako kawakosea nini?"

"Anatukataza kucheza Bibiana."

Kitambaa kilikuwa kimejaa upepo, kimeushika mkono wa Oliva kama mtu mwenye hasira. Bibiana hakukifungua. "Kucheza nini?"

"Bibiana. Ni mchezo." Violeth akashangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa ugali ni nini.

"Hebu chezeni nione."

Wakacheza. Walichora duara kwa kijiti, wakamwaga vijiwe ndani yake, vikawa ndio mpunga. Halafu ukazuka ugomvi. Wasichana saba wote walikuwa wanasukumana kuingia katikati. "Mimi sijawa tangu Jumanne!" "Wewe ulikuwa jana!" "Muongo, jana alikuwa Aurelia!" Jenifer akawapanga kwa mabega, akahesabu kwa kidole, akamsimamisha kitoto kimoja cha darasa la pili. Kile kitoto kikakaa katikati, kikajifunika kanga usoni, miguu inatetemeka kwa furaha. Wengine wakaanza kunyatia, wamekunja mikono kama mabawa, wanaimba. *Wamekula cha babako, wamekula cha mamako.* Mmoja baada ya mwingine akachukua kijiwe. *Bibiana umelala!* Na hapo kikafyatuka! Kanga ikaruka, ndege wakatawanyika uwanja mzima wanapiga mayowe, na kile kitoto kinawafukuza na kanga mkononi kama chui.

Oliva aliangalia kwa mshangao. Mwaka baada ya mwaka alikuwa anausikia wimbo akiwa jikoni. Mchezo wenyewe hakuwahi kusimama akautazama. Kamba haikuwepo. Kudonolewa hakukuwepo.

"Wewe, mrefu," Bibiana akaita. "Njoo. Kwa nini kila mtu anataka kuwa Bibiana?"

Jenifer akaja anahema. "Kwa sababu ndiye anayekamata, bibi. Ndege wengi, Bibiana mmoja. Kwetu Mngeta mtoto wa darasa la pili hapewi kabisa, mpaka uwe mkubwa."

"Si amelala?"

"Anajifanya." Jenifer alisema kwa huruma, maana wazee hawaelewi vitu. "Anawavizia."

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Tumeukuta hivyohivyo."

Jenifer akarudi kwenye mabawa yake. Bibiana akafungua kile kitambaa taratibu, upepo ukatoka ukilia. Hakusoma namba. Alikuwa anatazama uwanja, na miwani ilikuwa imeingia ukungu.

"Eliza," akasema hatimaye. "Mungu amlaze mahali pema. Ona alichoacha."

Oliva akashusha mkono wa gauni lake.

"Unajua alinifuata mpaka Songea? Miaka mingi sasa. Alikuja wodini na mtoto wake mgonjwa. Akaniona, akafurahi, akasema, 'Bibiana, ni mimi.' Nikamwambia, 'Jina la mtoto nani? Umri?' Nikaandika. Nilimhudumia mtoto vizuri, sikumkosea mtoto. Lakini yeye nilimtazama kama ukuta. Siku tatu. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni kama ana neno, nami nikainamia makaratasi mpaka akaenda." Akakunja kitambaa cha kipimo mara mbili, akakikunjua. "Nilijiambia, aliyenitungia wimbo hawezi kuniita kwa jina langu. Sasa yeye amekufa, na wasichana wanasukumana kuwa mimi. Ningejua, Oliva, ningeinua macho."

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa fupi mno. Marehemu hasemi. Eliza alikwisha kuubeba mzigo ule miaka yote ile, angeubeba tu, na jioni ingeisha kwa chai, na kesho Bibiana angevuka barabara kama kawaida. Oliva aliiona njia hiyo yote, mpaka mwisho wake. Aliutazama mkono wa rafiki yake juu ya mkoba mweusi.

"Haikuwa Eliza," akasema.

"Nini?"

"Aliuimba. Hakuutunga. Niliutunga mimi, njiani, tunatoka kisimani. Nilijua habari ya mtoto na ya mama yako. Nilijua yote nikautunga, kwa sababu ulikuwa mtamu. Na siku ile kwenye foleni sikunyamaza kwa wema, Bibiana. Nilinyamaza kwa woga."

Watoto walikuwa wanapiga kelele. Mtu fulani ndani ya nyumba aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa na mtu mwingine.

Bibiana akaingiza kipimo kwenye mkoba, akafunga zipu mpaka mwisho. Akasimama.

"Presha yako iko juu," akasema, ingawa hakuwa ameisoma. "Punguza chumvi."

Akavuka barabara.

Jumamosi hakuja. Jumapili Oliva alimwona kanisani, benchi la mbele kushoto, na misa ilipoisha akawa ameshatoka kwa mlango wa pembeni. Jumatatu Oliva alienda kupiga hodi. Cherehani ilikuwa inalia ndani. Alipopiga hodi ikanyamaza. Akangoja. Akapiga tena. Kimya. Alipofika katikati ya barabara akaisikia inaanza upya. Jumanne akaenda tena, ikawa vilevile. Aliunguza vitumbua asubuhi mbili mfululizo, wateja wakala hivyohivyo wakimtazama kwa chini. Watu nyumbani walikuwa tele, mwanawe Fridolin alikuwa amekuja na mashemeji wawili, wamelala mpaka sebuleni, na Oliva alipita katikati yao kama mtu anayetafuta kitu ndani ya stoo.

Watoto aliwaacha waimbe. Wakitaka waimbe huu, wakitaka waimbe ule wa mdomo. Ule wa mdomo, akaona, ulikuwa na haki yake.

Jumatano alasiri alikuwa barazani anachambua mchele, kichwa chini. Alisikia uwanja ukinyamaza ghafla, na uwanja ule haunyamazi. Akainua macho. Bibiana alikuwa amesimama katikati ya watoto, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, mkoba hana. Hakutazama barazani hata kidogo.

"Shikamoo, Bibi Nesi!"

"Marahaba. Nani Bibiana leo?"

"Violeth," wakasema. "Halafu Aurelia. Halafu mimi."

"Na mimi nataka."

Walicheka, kisha wakaona hacheki. Jenifer akakuna kichwa. "Bibi, kuna foleni."

"Mimi ndiye Bibiana mwenyewe. Muulizeni padri. Ndilo jina langu."

Taarifa hiyo iliwashtua kwa muda wa pumzi moja hivi. Wakanong'onezana. Jenifer akarudi na uamuzi. "Hata kama, bibi. Ni Violeth, Aurelia, Martina, halafu wewe."

"Haya," Bibiana akasema, na akasimama kwenye foleni nyuma ya Martina, mwanamke wa miaka sitini, amefumbata mikono kifuani.

Oliva aliacha kuchambua. Alimtazama akisubiri zamu tatu. Hakusogea, hakuketi, ingawa alijua goti lake la kulia linamsumbua. Zamu yake ilipofika watoto wakamletea mkeka, kwa ajili ya umri. Akakaa katikati ya vijiwe. Kabla hajajifunika akauliza, "Nikishamkamata ndege, nafanyaje?"

"Unamuuliza, umekula cha nani? Akisema kweli anabaki na wewe, mnalinda wote. Akidanganya tunamtoa."

"Na mnajuaje amedanganya?"

"Tunajua tu," Jenifer akasema.

"Sawa. Lakini kwa mtu mzima kama mimi ndege hawa hawatoshi. Mwiteni na yule wa barazani."

Walimjia kama siafu. Bibi, simama, bibi, vua ndala, bibi, mabawa hivi, si hivyo, hivi! Wakamsukuma mpaka kwenye duara, na wimbo ukaanza. Oliva alikunja mikono yake. Alinyata na wengine, ana miaka sitini na presha, anauzunguka mkeka, na maneno yake mwenyewe yanatoka kwenye vinywa saba vidogo pande zote. *Wamekula cha babako.* Akasogea hatua moja. *Wamekula cha mamako.* Akainama kuchukua kijiwe.

Hakungoja hata *umelala*. Mkono ulitoka chini ya kanga ukamdaka kifundo cha mkono, kwa nguvu, mkono wa nesi aliyezoea kuwashika watoto wanaokataa sindano.

"Bado, bibi! Umewahi!" Martina akalalamika.

"Amejifanya vizuri, mwache," akasema Jenifer.

Kanga ikashuka usoni. Walitazamana kwa karibu sana, mmoja amekaa, mwingine ameinama na kijiwe mkononi.

"Umekula cha nani?" Bibiana akauliza.

"Chako," Oliva akasema.

"Cha nani tena?"

"Cha Eliza. Nimekula cha Eliza miaka yote."

"Si hivyo!" Violeth akapiga mguu chini. "Bibi, unasema cha baba au cha mama! Eliza hayumo!"

"Anasema kweli?" Bibiana aliwauliza watoto, bila kuacha kumtazama Oliva.

Watoto walimkagua bibi yao, machozi yanavyomshuka mpaka kidevuni, pua inavyovuja. Jenifer, ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu, alifikiri kwa makini.

"Anasema kweli," akaamua. "Abaki."

Bibiana akamvuta, si kwa upole sana. Oliva akaketi kwenye mkeka kwa kishindo, bega kwa bega, kifundo bado kimeshikwa. Ndege wakarudi kwenye mstari kujipanga upya, wakibishana nani alisukumwa na nani.

"Bado nina hasira," Bibiana akasema, kwa sauti ya chini. "Usije ukadhani zimeisha."

"Sidhani."

"Nilikuwa nashona, nakusikia unapiga hodi, nasema apige tu." Akasogeza kijiwe kando ya mkeka. "Octavian bado yuko Malinyi?"

"Yuko. Anakaa na binti yao mkubwa. Kaburi wamelijengea."

"Na yule mtoto aliyekuja naye wodini?"

"Ndiye huyo binti. Ana watoto watatu."

Bibiana akainamisha kichwa. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mshipa wa Oliva, kwa mazoea tu, kinahesabu.

"Gari la Malinyi la Jumamosi linaondoka saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Ukichelewa unasimama njia nzima."

"Basi unigongee saa kumi na moja. Nitafungua. Utakayoyasema kule utayasema wewe, mimi nina yangu."

"Mabibi!" Jenifer alikuwa ameshika kiuno mbele ya kundi lake lote. "Mnaongea au mnacheza? Ndege wanakuja!"

Na walikuwa wanakuja kweli, mabawa wazi, saba kwa pamoja. Wale wawili mkekani wakajifunika kanga moja vichwani.